Rimoti moja kwa vifaa vyote: nilivyoichagua na inavyofanya kazi mpaka sasa

Nianze na jibu kwa wenye haraka. Kama rimoti haina sehemu ya kujifunza, yani ile ya kunakili batani kutoka kwenye rimoti nyingine, mi siichukui hata kama boksi limeandikwa inaendesha vifaa maelfu kwa maelfu. Hizo namba za kwenye boksi ni mbwembwe tu. We una TV, king'amuzi, saundiba na labda kile kidude cha kustrimu kinachochomekwa nyuma ya TV, sasa maelfu ya vifaa vya nini, unachotaka kujua ni kama hivyo vyako vimo na kama havimo je unaweza kuviingiza mwenyewe.

Afu kabla hujaangalia rimoti yoyote, angalia kwanza vifaa vyako vinasikia nini, maana hapa ndo watu wengi wanaumia. Rimoti nyingi hizi za kawaida zinatuma mwanga wa infraredi, mwanga ambao jicho la mtu haliuoni, unawaka na kuzima kwa kasi ya kama mara 38,000 kwa sekunde (zipo za 36,000 na za 40,000 pia) na ile kasi ndo inafanya kifaa kijue hii ni amri na wala sio taa ya sebuleni. TV karibu zote zinasikia infraredi, ving'amuzi vingi, redio, deki za DVD, saundiba nyingi. Ila kuna vitu havina kabisa jicho la kupokea huo mwanga. Fire TV Stick, kile kidude cha kustrimu cha Amazon, inaongea na rimoti yake kwa Bluetooth, Roku zile za kuchomeka kwenye HDMI kama fimbo nazo hazina jicho, PS4 na PS5 hivo hivo. Rimoti ya infraredi hapo utaminya mpaka kidole kiote sugu na hamna kitu. Kinyume chake Xbox One na Xbox Series zinalo jicho, na Apple TV (kile kiboksi cha kustrimu cha Apple) ndo nzuri zaidi maana ukiingia kwenye seting zake unaweza kuifundisha yenyewe ikubali rimoti yoyote ya infraredi uliyonayo.

Sasa utajuaje ya kwako ni aina gani? Washa kamera ya simu, tumia ile ya mbele kwa sababu kamera nyingi za nyuma zina kichujio kinachozuia infraredi, elekeza ncha ya rimoti kwenye lenzi afu minya batani. Ukiona kwenye kioo kitaa kinapepesa cheupe au cha zambarau, hiyo ni infraredi. Ila angalizo, minya batani ya home au ya mishale, usiminye ya sauti wala ya pawa, kwa sababu rimoti ya Fire TV kwa mfano inatuma Bluetooth kwa kile kidude lakini inatuma infraredi kwa TV kwenye sauti, utaona kitaa kinawaka udhani mambo safi kumbe hapana.

Haya, nikachukua ya kujifunza, ya vifaa vinne, yenye batani halisi sio kioo cha kugusa. Kuhusu kioo cha kugusa sina hata la kujadili, rimoti ni kitu cha kushika gizani huku macho yako kwenye picha, kidole lazima kiisikie batani. Hii ya kwangu batani ya sauti na ya chaneli zimeinuka tofauti, moja imebonyea kati nyingine ni kama daraja, kwa hiyo huna haja ya kuangalia chini. Taa ya kumulika batani haina, na hilo linaniudhi kidogo, ila zenye taa zinakula betri sana.

Kuiseti kuna njia tatu. Ya kwanza ni ya namba, unafungua kile kikaratasi chenye maandishi ya sisimizi, unatafuta jina la kampuni ya TV yako, unakuta namba kama kumi na tano, unashikilia batani ya SET mpaka taa iwake afu unaingiza moja moja mpaka TV ikubali. Ya pili inajitafutia yenyewe, unaishikilia inapitisha namba zote huku we unasubiri TV izime, ikizima unaachia. Kwenye TV ilikubali fasta. Shida ya njia hizi mbili ni kwamba kuzima TV sio ushahidi kwamba namba ni sahihi. Namba ya kwanza iliyokubali kwangu ilizima na kuwasha, sauti ikapanda na kushuka vizuri, nikasema tayari, kuja kuminya input inafungua menyu, na batani ya kurudi nyuma haifanyi chochote. Kampuni moja inakuwa na seti kadhaa za amri zinazofanana nusu, kwa hiyo ukishapata inayozima usiondoke hapo, jaribu input, menyu, mishale yote minne, OK, kurudi nyuma na namba za chaneli. Ikikosea moja endelea na namba inayofuata kwenye kikaratasi, na ukipata ya kweli iandike kwa peni ndani ya mfuniko wa betri, utanishukuru siku betri zikiisha maana kuna rimoti zingine ukitoa betri zinasahau kila kitu. Ya kwangu haisahau, ila niliandika hivo hivo.

Njia ya tatu ndo kujifunza na hapa ndo hela yangu ilipoenda kihalali. Saundiba yetu ni ya jina ambalo halipo kwenye kikaratasi chochote duniani. Unaziweka rimoti mbili mezani zikitazamana pua kwa pua, nafasi kati yao kama upana wa vidole viwili, unashikilia SET, unachagua batani unayotaka ijazwe, taa inabaki imewaka inasubiri, afu unaminya batani ya rimoti ya zamani. Taa ikipepesa mara mbili imeshika, ikipepesa mara nyingi imegoma rudia. Mambo ya kuzingatia ambayo kikaratasi hakisemi: weka betri nzuri kwenye rimoti ya zamani, kaa mbali na dirisha lenye jua kali, na minyo iwe fupi, gusa achia. Ukishikilia sana kwenye batani ya sauti inaweza kunakili na yale marudio, matokeo yake kila ukigusa sauti inaruka hatua mbili tatu. Kwangu batani ya bezi ndo ilifanya hivo, nikairudia kwa kugusa haraka ikatulia.

Kuna kitu kimoja cha kiajabu kwenye kunakili ambacho ntakieleza kwa sababu kitakusumbua bila kujua ni nini. Vifaa vinavyotumia mtindo wa RC-5, ule ulioanzishwa na Philips, kila unapominya upya kuna alama ndogo ndani ya amri inabadilika, ndo TV inajua kama umeminya mara ya pili au bado umeshikilia ile ya kwanza. Sasa ukinakili batani, ile alama inaganda palepale. Ukitaka chaneli 11 unaminya 1 na 1, TV inaona umeshikilia 1 tu, inakupeleka chaneli 1. Rimoti sio mbovu. Kwa kifaa kama hicho tumia namba ya kwenye kikaratasi badala ya kunakili, angalau kwa zile batani za tarakimu. Na kama una TV au redio ya zamani ya kampuni ya Bang & Olufsen usijisumbue na rimoti ya bei poa, wale jamaa wanatumia kasi ya mara 455,000 kwa sekunde, rimoti nyingi za kujifunza hazifiki huko.

Mtu akiniuliza kwanini naikazania sana hii habari ya kujifunza, ni kwa sababu sio kitu kipya. Mwaka 1987 kampuni ya Steve Wozniak, yule mwanzilishi mwenza wa Apple, ilishatoa rimoti inayojifunza ikiitwa CORE. Sasa mtu anakuuzia rimoti leo haijui kunakili hata batani moja, ya nini.

Jambo la pawa sasa, hili ndo lenye kasheshe. Rimoti yangu ina batani ya kuwasha vyote kwa mpigo, unaipanga iminye pawa ya TV, subiri kidogo, pawa ya king'amuzi, pawa ya saundiba. Inapendeza mpaka siku mtu aache saundiba imewaka. Vifaa vingi pawa yake ni amri moja tu, kama kipo on kinazima kama kipo off kinawaka, kwa hiyo unaminya washa vyote, TV inawaka, king'amuzi kinawaka, saundiba inazima. Ukiminya tena yale mawili yanazima na saundiba inawaka. Nyumbani walicheka sana siku hiyo. Dawa yake ni amri mbili tofauti, ya kuwasha peke yake na ya kuzima peke yake, baadhi ya vifaa vinazo ila hazimo kwenye rimoti yake ya asili, zinapatikana kwa baadhi ya namba za kwenye kikaratasi. TV yangu inazo, saundiba haina, kwa hiyo saundiba nimeitoa kwenye ule mpangilio na kuachia CEC (naieleza hapo chini) kazi hiyo. Rimoti za Harmony za kampuni ya Logitech ndo zilikuwa zinaliweza hili, zinakumbuka kipi kimewaka kipi kimezima na zikichanganyikiwa kuna batani ya msaada inakuuliza, lakini Logitech waliacha kuzitengeneza mwaka 2021 kwa hiyo ukikuta mtu anakuuzia iliyotumika jua unanunua kitu ambacho mwenyewe ameshakiaga.

Hiyo CEC niliyoitaja ni njia ya vifaa kuambiana kupitia kebo ya HDMI, kila kampuni inaipa jina lake, Samsung wanaita Anynet+, LG Simplink, Sony wanaita Bravia Sync, iko kwenye seting za TV na wakati mwingine imezimwa. Ukiiwasha, rimoti ya TV inaweza kupandisha sauti ya saundiba, na TV ikizima na vingine vinazima.

Kingine kidogo lakini kikubwa kwa matumizi ya kila siku, hakikisha inaweza kufunga sauti kwa kifaa kimoja. Yani hata ukiwa upande wa king'amuzi, sauti inayopanda ni ya saundiba. Isipokuwa hivo kila saa utakuwa unabadilisha batani za TV, AUDIO, STB (king'amuzi), na wazee pamoja na watoto hawatoweza, watarudi kwenye rimoti zao za zamani na hela yako imekaa mezani. Mama yangu hajui hata SET ni nini, anawasha, anapandisha sauti, anabadilisha chaneli, basi, na kwa hayo matatu haijamuangusha.

Za kwenye simu nimejaribu pia, simu nyingi za Xiaomi zina infraredi juu kabisa ya simu, Samsung walikuwa nayo mpaka Galaxy S6. Inasaidia kama dharura. Lakini kufungua simu, kutafuta apu, tangazo linajitokeza, huku mtu wa taarifa ya habari anapiga kelele na mtoto amelala, hapana. Na ukitoka nyumbani rimoti imetoka na wewe.

Kwenye AC usijaribu kuinakili ukidhani utapata nyuzi joto zote, rimoti ya AC kila minyo inatuma hali nzima kwa mkupuo, joto na feni na kila kitu, kwa hiyo batani uliyonakili itakupa hali ileile moja milele. Mi nimenakili moja ya kuzima tu, inatosha.

Za asili nimezitoa betri nimeziweka kwenye droo, usizitupe, siku rimoti ikianguka kwenye maji ndo utazihitaji kuifundisha nyingine. Na kama una TV na saundiba peke yake zenye HDMI, kawashe CEC kwanza leo, ikikubali hiyo hela ya rimoti baki nayo.