Kuomba mtoto ahamishwe chumba cha darasa: tathmini ya shule moja ya mchepuo wa Kiingereza, Dar es Salaam

Wazazi tunapozitathmini shule binafsi hutaja ada, matokeo ya Darasa la Saba, chakula na mabasi. Mimi nimekusudia kueleza huduma ambayo hutaikuta katika kipeperushi cha shule yoyote, nayo ni namna uongozi unavyolipokea ombi la mzazi anayetaka mtoto wake atolewe chumba kimoja cha darasa apelekwe kingine. Shule ninayoizungumzia ni ya msingi, ya kutwa, iko upande wa Kimara, na binti yangu yupo hapo tangu darasa la awali. Sitaitaja jina, kwa kuwa bado anasoma hapo na walimu wake naonana nao kila wiki. Kuhusu mambo mengine niseme tu kwamba mabasi yanafika kwa wakati na chakula kinatosha.

Darasa la Tatu lina mikondo mitatu. Mkondo A na B imo katika jengo la zamani lenye dari na madirisha ya vioo, ilhali C imewekwa katika jengo jipya lililoezekwa kwa bati tupu, ambalo ukuta wake wa nyuma unapakana na uwanja wa kugeuzia mabasi. Wanafunzi hupangwa Januari kwa kufuata matokeo ya mtihani wa Desemba: waliofanya vizuri zaidi huenda A, wanaowafuatia B, na waliobaki C, alikopangwa binti yangu. Ukiuliza ofisini utajibiwa kwamba watoto wamechanganywa, lakini watoto wenyewe hutaniana kwa herufi hizo uwanjani, na hakuna mzazi asiyejua. Nimelitaja jambo hili mapema kwa sababu ndilo lililoligeuza ombi langu dogo kuwa shughuli ya wiki kadhaa.

Binti yangu alitokwa usaha katika sikio la kulia akiwa na umri wa miaka minne. Tulimtibu akapona, isipokuwa usikivu wa sikio hilo haukurudi wote. Kipimo tulichofanyiwa hospitali kilionyesha kuwa sikio la kushoto ni zima, na la kulia huanza kusikia sauti zinapofika desibeli 45, wakati kwa vigezo vya Shirika la Afya Duniani sikio zima husikia kuanzia desibeli 20 au chini ya hapo. Akiwa mahali tulivu hutamgundua kabisa. Daktari alitueleza kwamba taabu ya mtu anayetegemea sikio moja huja pale penye kelele, kwa sababu masikio mawili ndiyo yanayomsaidia mtu kuichambua sauti ya msemaji na kuitenga na makelele mengine.

Masika yalipoanza mwezi Machi, kelele zikaja. Yeyote aliyesoma chini ya bati anajua hali ilivyo: mvua ikikolea mwalimu hupaza sauti, ikizidi huandika ubaoni, ikizidi zaidi huweka chaki chini na kusubiri. Shirika hilohilo la afya linapendekeza kelele za chinichini darasani zisivuke desibeli 35 wakati wa masomo, ilhali sauti ya mtu anayezungumza kawaida ni kama desibeli 60. Chini ya bati lisilo na dari, mvua kubwa huimeza sauti hiyo, hata kwa watoto wenye masikio mazima. Nililigundua tatizo kwenye daftari lake la imla ya Kiingereza. Siku za jua alikuwa akipata 16 au 18 kati ya 20, na siku za mvua 7 au 6, tena maneno mengine hakuyakosea bali hakuyaandika kabisa. Aliacha nafasi wazi. Kwa wiki tatu nilikuwa nikiandika pembeni ya kalenda ya jikoni siku ambazo mvua ilinyesha asubuhi, na tarehe zikalingana.

Hatua yangu ya kwanza haikuwa nzuri, na ninaikiri ili mwingine asiirudie. Nilimpigia simu mwalimu wa darasa saa mbili usiku nikamweleza yote kwa mkupuo. Alinisikiliza kwa upole akasema, “Mzazi wangu, kesho nitamkalisha mbele.” Kweli, kesho yake alimkalisha mbele. Hata hivyo, darasani humo viti huzungushwa kila Jumatatu ili kila mtoto apate zamu ya kukaa karibu na ubao, utaratibu ambao mimi mwenyewe nauona wa haki, na wiki iliyofuata binti alirudi nyuma. Isitoshe, kelele yenyewe ilitoka juu, kwa hiyo mbele na nyuma hapakuwa na tofauti kubwa. Mwalimu huyo ni hodari na ana moyo, lakini nilikuwa nimempelekea jambo lisilo katika mamlaka yake, na kwa kuwa tulizungumza kwa simu, hapakubaki karatasi yoyote inayoonyesha kuwa nimeomba kitu.

Kutoka hapo nilikwenda ofisi ya taaluma. Mwalimu wa taaluma alinikaribisha kiti, akanisikiliza nusu ya maelezo, kisha akatabasamu. “Mzazi, hapa kila mtu anataka A,” alisema. Nilielewa kwamba hakunisikia mimi, bali aliwasikia wazazi wote waliowahi kukaa kwenye kiti kile wakiwa na sababu zao. Simlaumu sana, kwa maana shule ikishaipanga mikondo kwa alama, kila ombi la kuhama litaonekana kuwa njia ya mkato ya kupanda daraja. Nikamwambia kwamba A siitaki. Aniwekee mtoto B, na kama ingekuwapo D yenye dari ningeipokea kwa mikono miwili. Hapo ndipo alipoacha kutabasamu na kufungua daftari la mahudhurio. B ina watoto 40, akasema, na 40 ndiyo idadi ya mwisho waliyojiwekea. Nilimkumbusha kwa heshima kwamba kiwango cha serikali kwa shule ya msingi ni wanafunzi 45 kwa mwalimu mmoja, hivyo mtoto wa 41 havunji kiwango hicho. Alikaa kimya kidogo, kisha akanishauri niandike barua, na ushauri huo ndio uliokuwa wa manufaa kuliko yote niliyoyasikia katika ofisi ile.

Barua ilikuwa ya ukurasa mmoja, kwa Mwalimu Mkuu, ikipitia kwa mwalimu wa darasa ili asijisikie kurukwa. Kwenye mstari wa “Yah” niliandika kwamba ninaomba kubadilishiwa chumba cha darasa, na neno “mkondo” nikaliepuka kwa makusudi hadi aya ya mwisho. Sikumtaja mwalimu kwa jema wala baya, kwa sababu barua ya namna hii ikigusa ufundishaji wa mtu hugeuka kuwa kesi, na wenzake ofisini humtetea kabla hawajalisoma ombi. Nilieleza hali ya sikio kwa sentensi tatu, nikaambatisha nakala ya kipimo pamoja na nakala za kurasa nne za daftari la imla zenye tarehe, mbili za siku za jua na mbili za siku za mvua. Mwisho niliomba uhamisho wa muda, hadi muhula wa kwanza utakapofungwa mwezi Juni, ili uongozi upime matokeo ndipo uamue. Nilipeleka nakala mbili, mapokezi wakabaki na moja, na ya pili nikarudi nayo ikiwa imegongwa mhuri wa kupokelewa. Nadhani ombi la muda ndilo lililofungua mlango, kwa kuwa uongozi huona wepesi kulikubali jambo unaloweza kulirudisha nyuma.

Majibu yalichukua siku 17, na hapa ndipo ninapoishushia shule alama. Hakuna utaratibu ulioandikwa wa kumwambia mzazi nani anaamua, kwa vigezo gani na kwa muda gani. Mara mbili nilipita mapokezi nikaambiwa barua iko mezani kwa mkuu, na mara ya tatu nikaambiwa huenda imerudi taaluma. Katika siku hizohizo 17 nilipokea jumbe tatu za kunikumbusha awamu ya pili ya ada, na nilipomwuliza mhasibu swali moja kuhusu risiti alinijibu kabla sijaiweka simu chini. Uwezo wa kujibu wazazi kwa haraka, basi, shule inao.

Mwalimu Mkuu aliponiita, mambo yakawa tofauti kabisa. Ni mama mtu mzima aliyefundisha shule za serikali kwa miaka mingi kabla ya kustaafu na kuja hapo. Nilimwamkia, akaniitikia marahaba na kuniuliza habari za nyumbani, kisha akaniambia jambo ambalo sikulitarajia: siku mbili kabla, mvua ilipokuwa ikinyesha, alikwenda mwenyewe kukaa deski la nyuma la mkondo C kwa kipindi kizima. “Mwanangu, mimi nina masikio mawili na nimekosa nusu ya somo,” alisema. Hakuhitaji maelezo zaidi. Alikubali B hadi Juni, ila kwa sharti kwamba kwanza azungumze na mtoto faraghani amwulize kama anataka kuhama. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa mtoto haki ya kusikilizwa katika maamuzi yanayomhusu, lakini ni mara chache nimeona mtu wa ofisini akiitekeleza bila kusukumwa. Binti alijibu kwamba anataka, ila ana wasiwasi kuhusu rafiki yake anayebaki C, ambaye ndiye humnong’oneza maneno ya imla. Hilo la kunong’onezwa sikuwa nalijua, na likanifanya niziangalie upya zile alama za 7.

Uamuzi ulikuwa mzuri, ila utekelezaji wake haukufanana nao. Uhamisho ulifanyika Jumanne katikati ya kipindi. Mwalimu mmoja wa zamu aliingia C, akamwita binti kwa jina, akamwambia abebe begi, na darasa zima lilipouliza anakwenda wapi akajibu kwa sauti kuwa “huyu hasikii vizuri.” Kufikia mapumziko alikuwa ameshapewa jina la utani ambalo sitaliandika hapa. Nililipeleka jambo hilo kwa maneno, bila barua, mwalimu aliyehusika akaniomba radhi, na mwalimu wa darasa wa B akalimaliza ndani ya wiki kwa namna anayoijua mwenyewe. Kosa hili lingeepukika kwa kumhamisha asubuhi kabla ya mstarini, au hata Jumatatu ambayo watoto wote hubadilishiwa viti. Vilevile, B walikuwa mbele ya C kwa mada nzima ya Hisabati, na hakuna aliyefikiria kumsaidia mtoto aliyehamia kuifidia. Tuliifidia nyumbani jioni, kwa wiki mbili na machozi kiasi.

Matokeo yake yameridhisha, ingawa sitaki kuyatia chumvi. Alama za imla zilipanda na kubaki kati ya 15 na 19, lakini masika yenyewe yaliisha Mei, kwa hiyo siwezi kusema ni kiasi gani kimeletwa na dari na kiasi gani na mbingu. Vuli ikija tutajua zaidi. Mwezi Juni uongozi uliamua abaki B, na nilipewa uamuzi huo kwa maandishi, jambo ambalo ninalishukuru kwa sababu mwakani anaingia Darasa la Nne lenye upimaji wa kitaifa na nisingependa hoja hii ianzishwe upya Januari.

Kuhusu gharama, shule haikunitoza chochote, na sioni ingetoza kwa lipi, kwa kuwa kazi yote ilikuwa kumfuta mtoto katika daftari moja la mahudhurio na kumwandika katika jingine. Mzazi mwenye haraka angeweza kushawishika kuihama shule yenyewe. Mimi pia niliwaza hivyo katika siku ya kumi ya kusubiri, lakini kuhama shule kunahitaji uhamisho wa mwanafunzi katika PReM, mfumo wa Baraza la Mitihani wa kumbukumbu za wanafunzi, shule mpya yenye nafasi, sare mpya, na kwa kawaida ada iliyokwisha kulipwa hairudi. Ukiyaweka hayo upande mmoja na deski moja la ziada katika mkondo B upande wa pili, utaona kwamba si busara kwa shule kumchosha mzazi hadi afikirie kuondoka.

Ninaipa huduma hii nyota tatu kati ya tano. Mwalimu Mkuu peke yake ningempa tano, mhasibu nne kwa wepesi wake, na ofisi ya taaluma mbili hadi hapo itakapoandika utaratibu na kuubandika ubaoni. Mzazi anayetaka kumwandikisha mtoto hapo aombe kuonyeshwa chumba atakachosomea, asiishie ofisini tu, na akiweza aende siku ya mvua.

Mkondo C bado hauna dari. Chumba kina ukubwa wa mita 7 kwa 8, na fundi niliyemwuliza alipiga hesabu ya bodi za jipsamu zisizopungua 20 za futi 4 kwa 8, pamoja na mbao zake. Jibu la shule ni kwamba hilo limo katika bajeti ya mwakani. Mwezi Agosti tuliwasilisha barua ya pili, safari hii ikiwa na sahihi za wazazi tisa wa C, wakiwamo wa yule rafiki mwenye kunong’oneza, na yangu ya kumi. Nakala yetu ina mhuri, na leo ninapoandika ni siku ya 22.