Kitalu cha miche nje ya Lubumbashi: mlipe agronomu kwanza, miche itafuata

Wakazi wengi wa Lubumbashi wenye mashamba nje ya mji wameyapata yakiwa yamekwisha kukatwa miti kwa ajili ya makala, yaani makaa ya kupikia, na kila msimu wa mvua unapokaribia huulizana miche ipatikane wapi na iwe ya aina gani. Kitalu ninachokieleza hapa, ambacho sikitaji jina kwa kuwa baadhi ya maneno yangu si ya sifa, kinauza miche ya matunda na ya miti ya porini, na kwa malipo ya ziada humtuma agronomu wake, yaani mtaalamu wa kilimo, hadi shambani kwa mteja. Nimetumia huduma zote mbili, na ile ya pili ina thamani kubwa zaidi, ingawa wenye kitalu wanaitangaza kama nyongeza tu.

Miche yenyewe ni mizuri. Viriba havina magugu, kivuli kinatosha, na maparachichi niliyonunua yalishika vizuri. Lakini sehemu kubwa ya kitalu imejaa mikaratusi na miti aina ya Acacia auriculiformis, na muuzaji wa langoni humwambia kila anayeingia kwamba hiyo ndiyo itakayorudisha msitu wake. Hapo sikubaliani naye hata kidogo. Miti hiyo ya asili ya upande wa Australia hukua haraka na hutoa nguzo na makala, kwa hiyo anayetafuta kuni anunue bila wasiwasi. Anayetaka miombo, yaani msitu wa asili wa huku kwetu, irudi asiuziwe mikaratusi kana kwamba ni hatua ya kwanza ya safari hiyo.

Agronomu wa kitalu hichohicho alieleza jambo tofauti kabisa. Alipofika shambani hakutazama mahali pa kuchimba mashimo, bali alitembea kutoka kisiki hadi kisiki akigonga kwa panga na kutuonyesha machipukizi yaliyofichwa na majani. Alisema kwamba shamba likiachwa hutawaliwa kwanza na magugu yaliyozoea jembe, kisha na nyasi ndefu, kisha vichaka huanza kuzivunja nguvu nyasi hizo kwa kivuli, na mwishowe miti hufunika vyote. Msikilizaji huweza kudhani kwamba kila kundi linatoka mbali na kulifukuza lililotangulia. Katika miombo si hivyo. Maganda ya Brachystegia na Julbernardia, miti mikuu ya miombo, hupasuka na kurusha mbegu, lakini haziendi mbali na mti mama, na mche unaoota hutumia miaka yake ya kwanza kujenga mizizi huku shina lake dogo likikauka mara kwa mara wakati wa kiangazi. Kwa hiyo sehemu kubwa ya miti itakayozishinda nyasi huwa tayari imo ardhini siku ile mkata makala anapoondoka, ikiwa visiki, mizizi na miche iliyobanwa. Ushauri wake ulikuwa kubakiza machipukizi machache yenye nguvu katika kila kisiki, na kupanda miche pale tu ambapo visiki vimeng'olewa, ardhi imelimwa kwa miaka mingi, au udongo umeungua chini ya tanuri la makala. Katika shamba letu sehemu hizo zilikuwa chache, na nadhani ni nadra kwa mfanyabiashara wa miche kumtuma mtu anayewaambia wateja wanunue kidogo.

Kuhusu moto alikuwa sahihi pia, ila aliharakisha mno jambo linalostahili saa nzima. Ng'ambo ya mpaka wa Kasumbalesa, huko Ndola nchini Zambia, wataalamu wa misitu walianza katika miaka ya 1930 kutenga vipande vya miombo: vingine vilichomwa mwanzoni mwa kiangazi, vingine mwishoni, na vingine vikakingwa moto kabisa. Vilivyochomwa mwishoni, wakati kila kitu kimekauka na moto ni mkali, vilipoteza miti na kugeuka kuwa nyasi. Vilivyokingwa vilisongamana na kuanza kupokea miti isiyopukutisha majani, ile ya misitu minene ambayo huku kwetu huitwa muhulu na ambayo vimebaki vipande vichache tu. Maana yake ni kwamba shamba lile lile, kwa mvua ile ile, linaweza kuelekea njia tofauti kutegemea mwezi ambao jirani anawasha kiberiti. Agronomu alipendekeza kusafisha mpaka na kuuchoma mapema, Mei au Juni, kisha akapanda pikipiki. Alipoulizwa miombo itachukua muda gani, alijibu miaka ishirini. Kwa unene wa miti jibu hilo linakubalika, lakini mchanganyiko wa aina za miti, hasa zile zinazowindwa kwa mbao kama mukula, huchelewa zaidi, na mteja alipaswa kuelezwa.

Kitu kimoja hapo kitaluni kinafaa kununuliwa bila kusitasita, nacho ni miche ya msuku, mti wa matunda wa miombo. Mbegu zake hupoteza uhai upesi, hivyo huoteshwa mara tu masuku yanapoiva, na wahudumu huchanganya katika kila kiriba udongo uliochotwa chini ya misuku mikubwa ili mizizi ikutane na kuvu inayoishi nayo. (Uyoga mwingi tunaouziwa kando ya barabara wakati wa mvua hutokana na ushirika wa namna hiyo kati ya kuvu na miti ya miombo, na hilo peke yake linatosha kuitetea.) Asichosema muuzaji ni kwamba msuku dume na msuku jike ni miti miwili tofauti. Anayenunua miche miwili anaweza kungoja karibu miaka kumi na kugundua kwamba yote ni madume. Inunuliwe sita au zaidi, ipandwe karibu karibu.

Risiti hutolewa kwa kulazimisha, na usafiri wa miche ni juu ya mteja. Ziara ya agronomu iombwe mwezi wa Aprili, kabla nyasi hazijakauka na kabla ya kulipia mche wowote, na anayemhitaji afike kitaluni asubuhi mapema, kwa maana kufikia saa tatu huwa amekwisha kuondoka kwenda mashambani na simu yake haishiki.