Elfi Warefu au Elfi Wadogo: Yupi Amfae Mwandishi?

Wapenzi wa hadithi za kifantasia hawajaacha kubishana kuhusu umbo la elfi, viumbe wa kichawi wa ngano za kale za Ulaya: je, wawe warefu wanaokaribia kufanana na binadamu, au viumbe wadogo wa msituni? Pande zote mbili zina mizizi ya kale. Snorri Sturluson, mwandishi wa Iceland wa karne ya 13, aliwaeleza elfi wa nuru kuwa wazuri kuliko jua, ilhali Shakespeare aliwafanya wadogo kiasi cha kujificha ndani ya vikombe vya matunda ya mwaloni.

Katika uhusiano na binadamu, elfi mrefu anashinda waziwazi, kwa kuwa anaweza kupenda, kuoa na kupigana vitani bega kwa bega na mtu. Hatari yake ni kwamba, mwandishi asipokuwa mwangalifu, elfi huyo huishia kuwa binadamu mrembo mwenye masikio yaliyochongoka, na masikio peke yake hayatoshi kamwe. Nionavyo mimi, jicho lisilopepesa au hatua isiyoacha alama kwenye theluji humtenga na watu kwa nguvu zaidi. Elfi mdogo huleta ugeni huo papo hapo, ila humdai mwandishi umakini wa kudumu, kwani kila mlango, kiti na upanga sharti vipimwe upya.

Anayeandika riwaya ndefu ya falme na mapenzi atafaidika na warefu. Anayetaka msitu wenyewe utishe atafaidika na wadogo, mradi asiwageuze vikaragosi.