Analysis Services: namba kumi iliyotuchelewesha kila asubuhi

Meneja wetu wa mauzo hufika ofisini saa moja na nusu asubuhi, na kabla hajaweka begi chini ameshafungua Excel kuangalia mauzo ya jana. Kwa miezi kadhaa alikuwa akikuta ya juzi. Kazi ya kuchakata mchemraba wa data, kyubu kama tunavyouita ofisini, yaani hazina ya mauzo iliyoandaliwa mapema ili ripoti zifunguke haraka, ilianza saa saba usiku, na mara nyingi saa mbili na nusu asubuhi ilikuwa bado inaendelea. "Kijana, namba ziko wapi?" Swali hilo nimelisikia kuliko salamu.

Tunatumia SQL Server Analysis Services, programu ya Microsoft ya kujengea michemraba hiyo, tena ule mtindo wake wa zamani, si Tabular, mtindo mpya wa majedwali uliokuja na toleo la 2012. Ni mfumo mkongwe: ulitoka mwaka 1998 pamoja na SQL Server 7.0 ukiitwa OLAP Services, ukapata jina la sasa mwaka 2000. Seva yetu ina viini 16 vya prosesa na RAM ya GB 128, na hifadhidata ya SQL inayoulisha mchemraba imekaa kwenye mashine hiyohiyo. Mauzo yamegawanywa katika patisheni 36, yaani vipande vinavyoweza kuchakatwa kila kimoja peke yake, moja kwa kila mwezi wa miaka mitatu.

Kilichoniudhi ni kwamba seva ilikuwa haitoki jasho. Prosesa zilikuwa asilimia 20 usiku kucha, huku patisheni zimepanga mstari kama abiria waliozuiwa getini na mabasi matupu yamepaki ndani.

Nikaanza na faili la mipangilio ya Analysis Services, msmdsrv.ini, maana ndiko kila mtu anakokimbilia. MaxThreads ya upande wa kuchakata kwetu ilikuwa 0, yaani seva ijiamulie yenyewe idadi ya juu ya thredi, mikondo ya kazi inayokwenda kwa pamoja: 64, au idadi ya prosesa inazoziona kama inazidi hapo. Nikaweka 128. Hakuna kilichobadilika. Nikaigusa CoordinatorExecutionMode, ambayo huja ikiwa -4, maana yake kazi nne sambamba kwa kila prosesa. Nikaifanya -8. Zikapungua dakika mbili, na hata hizo siwezi kuapa kwamba zilitokana nayo. Zote mbili nimezirudisha zilivyokuwa.

Jibu halikuwa hata kwenye faili hilo. Lilikuwa kwenye mipangilio ya chanzo cha data ndani ya mradi wenyewe, kwenye kisanduku cha idadi ya juu ya miunganisho, ambacho huja kimeandikwa 10. Kila patisheni inaposomwa hufungua muunganisho wake kwenda kwenye hifadhidata. Kwa hiyo hata uwe na thredi elfu, patisheni kumi ndizo zitakazosoma, na nyingine 26 zitasubiri zamu. Nikaandika 20, nikapeleka mabadiliko kwenye seva, nikaenda kulala. Kazi ikaisha saa kumi na moja kasorobo alfajiri.

Tamaa ikanishika, nikaweka 36 ili zote zisomwe kwa mpigo. Muda ukaongezeka badala ya kupungua. Nilipoangalia kaunta ya safu zinazosomwa kwa sekunde nikakuta imeshuka, kwa kuwa diski za hifadhidata zilikuwa zinavutwa huku na huku na maswali 36 kwa wakati mmoja. Nikarudi 20. Kwenye seva yako huenda ikawa 14 au 30. Kaunta ndiyo itakayokwambia.

Sasa RAM. Analysis Services kwa kawaida hujihesabia hadi asilimia 80 ya RAM yote kabla haijaanza kufukuza vitu kwa nguvu. Injini ya SQL nayo, usipoiwekea mpaka, huendelea kuchukua kila inachokikuta. Ukiwaweka wawili hao chumba kimoja, mmoja ataishia kulala kwenye diski. Nikaipa SQL mpaka wa GB 64, halafu nikaandika TotalMemoryLimit, ule mpaka wa asilimia 80 wa Analysis Services, kuwa 51200, kichwani mwangu zikiwa ni megabaiti.

Si megabaiti. Namba isiyozidi 100 husomwa kama asilimia, na ikizidi hapo husomwa kama baiti. Nikawa nimeipa seva nzima kilobaiti 50 za kufanyia kazi! Asubuhi nikakuta mlolongo wa makosa ya kumbukumbu na mchemraba haufunguki kabisa. Siku hiyo meneja hakuuliza namba ziko wapi, alikuja kusimama nyuma ya kiti changu. Sasa hivi imeandikwa 40, na LowMemoryLimit, kiwango ambacho seva huanzia kusafisha kumbukumbu, ni 30, na mambo yametulia. Kazi inaisha saa kumi alfajiri.

Jambo jingine nililisikia kwa dada wa uhasibu kabla sijaliona mwenyewe. "Kaka, ripoti yangu imekatika tena." Mchana huwa tunachakata patisheni ya mwezi huu ili mauzo ya asubuhi yaonekane. Uchakataji unapofika mwisho, seva inahitaji kufunga mlango kwa muda mfupi ili ibadilishe data ya zamani kwa mpya. Anayeendesha ripoti ndefu husubiriwa milisekunde 30,000 kwa mujibu wa ForceCommitTimeout, kisha ripoti yake hukatwa. Sikuigusa namba hiyo. Nilihamishia uchakataji saa saba na robo, wahasibu wakiwa wamekwenda kula.

Kuna kitu bado kinanishinda, nacho ni kipimo cha kuhesabu wateja bila kurudia. Kipimo cha aina hiyo hufanya seva iiombe hifadhidata ipange safu zote kwa namba ya mteja kabla ya kuzituma, na kupanga mamilioni ya safu hakuharakishwi na mpangilio wowote wa upande huu. Nimekitenga kwenye kundi lake la vipimo, ili angalau kisivicheleweshe vingine.

Kama unafikiria kununua, angalia leseni kwanza. Toleo la Standard lina kikomo cha patisheni tatu kwenye michemraba hii, na bila patisheni hakuna cha sambamba cha maana. Toleo la Developer ni bure kwa majaribio na lina uwezo wa Enterprise, toleo la juu, kwa hiyo pimia huko. Kama unaanza upya kabisa, mimi ningekwenda Tabular. Kama umerithi mchemraba kama mimi, usiutupe, bado una nguvu. Nautia nyota nne.

Sasa hivi najaribu jambo lingine. Kazi ya usiku niliyoirithi hujenga dimensheni zote, yaani orodha kama za bidhaa na wateja, upya kwa amri ya ProcessFull, na ukifanya hivyo mchemraba mzima huachwa mtupu, ndiyo maana inabidi miezi yote 36 irudiwe hata kama bidhaa moja tu ndiyo imebadilishwa jina. Kwenye seva ya majaribio nimeweka ProcessUpdate, inayosasisha dimensheni bila kuumwaga mchemraba, na miezi mitatu ya mwisho tu ndiyo inayochakatwa. Jana usiku ilimaliza kabla ya saa nane.