ThinkPad X60 na OpenBSD hapa Bukavu: ya 2006 lakini bado iko na nguvu

Bandugu wenye munatafuta mashine ya bei ya chini ya kuweka Unix (jamii ya sistemu kama Linux, OpenBSD na NetBSD), nasema moja kwa moja: ThinkPad X60 ya Lenovo, ile ndogo ya inchi 12 yenye ilitoka 2006, njo nzuri kupita zingine zote zenye naona kwenye ma magazini ya okazyo hapa kwetu, tangu Nyawera mpaka Kadutu. Ila usitoe feza kabla ya kujua ndani muko nini, juu X60 mbili zinaweza kufanana kama mapacha na moja ikakutumikia vizuri, ingine ikakuchosha.

Kitu cha kwanza ni prosesa. Kuna X60 za Core Duo (T2300, T2400, L2400), hizo ni biti 32 tu, na kuna za Core 2 Duo (T5500, T5600, T7200) zenye zinakubali biti 64. Kifuniko ni kile kile, klavie ile ile, na muuzaji atakuambia "Core Duo, Core 2, yote moja", hapana, si moja! Kwa upande wa Linux, Debian 13 ya Agosti 2025 haina tena instaleri ya biti 32, Debian 12 njo ilikuwa ya mwisho, Arch iliacha tangu 2017, Ubuntu nayo ilishaacha zamani. Kwa hiyo mwenye T2400 anayetaka Linux mpya mpya milango yake inaendelea kufungwa. OpenBSD na NetBSD bado zinatoa i386 (toleo la biti 32), na si kwa kusukuma tu, ni sistemu nzima yenye inaangaliwa, na hapo njo hii mashine inapata maisha mapya.

Sasa namna ya kuangalia dukani. Kuja na fleshi yenye uliisha kuandikia imaji ya instaleri ya OpenBSD i386, omba muuzaji kwa heshima, "Papa, naomba niwashe na fleshi yangu, sitagusa kitu kwenye diski," wengi wanakubali. Washa, bonyeza F12, chagua USB. Maandishi meupe kwenye buluu yatapita mbio, kisha itakuuliza kama unataka Install, Upgrade, Autoinstall ao Shell. Bonyeza S. Andika dmesg | more, na hapo unasoma mashine mustari kwa mustari: prosesa gani, memori ngapi, karte ya waifai gani. Kwenye unaona wpi0 ni Intel 3945ABG, kwenye unaona ath0 ni Atheros, kwenye unaona em0 ni Ethernet ya Intel. Kitu chenye hakina draiva (programu ya kukiendesha) kinaandikwa "not configured". Lakini usiogope ukiona sauti iko "not configured" hapo, kerneli (kiini cha sistemu) ya instaleri ni ndogo na haibebi draiva ya sauti, ukiisha kuinstale itatokea yenyewe. Haichukui muda, na inakuambia mengi kuliko muuzaji yeyote.

Kwa X60 grafiki haina shida kabisa, zote ziko na Intel 945GM, OpenBSD inaijua vizuri, X (skrini ya madirisha) inatokea bila kuandika faili hata moja, 1024 kwa 768 safi. Nasema hivi juu kuna watu wanavutwa na mashine zingine za zamani zenye Nvidia wakifikiri ni bora. Kwa OpenBSD Nvidia hapana, utabaki na skrini yenye inajikokota. Broadcom ya waifai nayo nakushauri uiache dukani.

Waifai ya X60 njo inataka akili kidogo. Atheros ya a/b/g inatembea bila kitu cha kuongeza. Ile Intel 3945 inaomba firimuwea (faili ya programu yenye karte inahitaji ili itembee), na haki za ile faili haziruhusu OpenBSD kuiweka ndani ya sistemu, kwa hiyo ukiwasha mara ya kwanza komandi fw_update inaenda kuitafuta kwenye intaneti, lakini waifai bado haina firimuwea ya kufika kwenye intaneti! Dawa ni mbili: kebo ya Ethernet, ao simu ya Android kwa USB, yenye nyingi zinatokea kama urndis0. Wenye hawana vyote viwili wapakue faili kwa mashine ya rafiki, waibebe kwa fleshi, kisha fw_update -p na njia ya ile folda. Na usifikiri kubadilisha karte na yoyote yenye umeokota, BIOS (programu ya kuwasha mashine) iko na liste yake, ukiweka yenye haiko kwa liste inasimama na kosa 1802 na haiendelei mbele.

Nyingi zenye zinafika hapa zinatoka Ulaya na klavie ya AZERTY. Instaleri inauliza klavie mwanzoni kabisa, andika fr ao be hapo hapo. Ukipita tu na default, a na q zinabadilishana nafasi, na neno la siri la root (mwenye mamlaka yote kwa mashine) lenye utaandika halitakuwa lile lenye uko unafikiria.

Umeme sasa. Bateri za hizi mashine karibu zote zimekufa, na hapa umeme unakatika bila kusema hodi. FFS, namna OpenBSD inapanga faili kwenye diski, haina jurnali (daftari ya mabadiliko yenye inasaidia diski kurudi sawa haraka), kwa hiyo kila ukikatika, ukiwasha tena fsck (komandi ya kukagua na kutengeneza diski) inapita diski yote, na diski kubwa ya zamani inakuweka hapo unangoja mpaka chai inapoa, saa zingine inakuacha kwenye single user (hali ya matengenezo) uandike fsck -y mwenyewe. Weka SSD ndogo ya SATA, X60 inaikubali, fsck inakuwa fupi sana. Mwenye hana bateri kabisa na umeme wa kwao unasumbua kila siku, mimi namushauri NetBSD badala, iko na jurnali tangu 5.0 ya 2009, unaongeza tu neno log kwenye fstab (faili yenye liste ya diski). Hapo NetBSD inapita OpenBSD, nasema hata kama OpenBSD njo naipenda zaidi.

Sharjeri haisumbui, ni volti 20 na kichwa kinene cha duara, kile kile chenye ThinkPad zilibeba mpaka X230, kinapatikana. Usichanganye na za T43 kurudi nyuma, zile ni volti 16. Ikiwaka na kuandika 0271, pila ya BIOS imekufa, saa inarudi zamani na sertifika za mitandao zote zinakataa. Badilisha ile pila.

Kwa kazi: vim, barua pepe, ssh, kufundisha watoto C na shell, LaTeX ya memuari, inatosha na inabaki. Klavie yake sijaona nzuri kama hiyo kwa laptop za leo. Ukiweka DDR2 mbili za giga 2 itaona karibu 3 tu, ni chipseti, usisumbuke kurudisha memori dukani. Kufunga diski yote na siri, instaleri inakupa hiyo nafasi tangu 7.3, lakini prosesa haina AES ya ndani (sehemu ya kufanya hiyo kazi ya siri haraka) na utasikia mwendo unashuka, mimi nafunga tu folda zenye ziko na kazi ya watu. Vidio za intaneti na mitandao mizito, hapana, hiyo tafuta mashine ingine.