Barafu ya bonge au ya chenga kwa samaki wa Bagamoyo?
Wachuuzi wa samaki wa Bagamoyo hubishana mara kwa mara kuhusu barafu ya bonge na ya chenga. Kwa uwezo wa kupoza hazitofautiani: kilo moja ikiyeyuka katika nyuzi 0 hufyonza takriban kilojuli 334. Tofauti iko kwenye uso wake. Molekuli za juu kabisa hazina jirani upande wa nje, hivyo hulegea na kufanya utando mwembamba unaofanana na maji hata kabla barafu haijafika nyuzi 0, na ni kupitia uso huo ndipo joto la samaki huingia. Chenga, zenye uso mkubwa zaidi, humpoza samaki haraka, lakini huisha upesi. Tena zikiwekwa kwenye friza isiyo na ubaridi mkali, tando zake hugusana, huganda na kuzishikamanisha, jambo ambalo mwanasayansi Mwingereza Michael Faraday alilieleza mwaka 1850. Bonge lisidharauliwe kamwe: hustahimili safari, ingawa hudai kupondwa na ncha zake huchubua samaki. Anayeuza kambamiti papo hapo ufukweni atafaidika na chenga. Anayekesha baharini, au anayepeleka mzigo Dar es Salaam katika kasha lisilofunga vizuri, achukue bonge na kulivunja kidogo kidogo.