Uzoefu wangu na MYDAWA: dawa za mama, na kampuni inayozidi kupanuka

Mama yangu anatumia dawa za presha na za sukari kila siku, na mimi ndiye mnunuzi. Tunaishi pamoja hapa Nairobi, upande wa Embakasi. Nilihamia MYDAWA, duka la dawa la mtandaoni la hapa Kenya, kwa sababu moja tu: sikuwa tena na imani na nilichokuwa nikiuziwa. Kemisti mmoja wa mtaani alikuwa akituhesabia vidonge ndani ya kibahasha cha karatasi, bila boksi, bila jina la kiwanda, bila tarehe ya mwisho wa matumizi. Ukiuliza, unaambiwa ni zile zile. Sasa presha haiumi. Kidonge kisipofanya kazi hakuna kinachokushtua, mpaka siku mgonjwa anaanguka.

Ndiyo maana naanza na muhuri. Pakiti inafika imefungwa, na ina kibandiko chenye sehemu ya kukwaruza kama kadi ya simu. Ukikwaruza unapata nambari, unaituma, unajibiwa kama dawa ile kweli imetoka kwao. Mama hakubali mtu mwingine aikwaruze. Anavaa miwani, anatafuta shilingi kwenye kipochi chake, anakwaruza polepole, halafu ananisomea tarakimu moja moja nami naandika. Jibu likirudi ndipo anafungua. Kwangu mimi hicho kibandiko kina thamani kuliko punguzo lolote la bei, na naamini ndicho kilichoikuza kampuni hii kuliko matangazo yake yote.

Malipo ni M-Pesa, mzigo unaletwa na bodaboda. Hapo sina la kuongeza.

Nililolipenda zaidi ni kwamba kuna mtu nyuma ya programu. Kaka yangu alikuwa na kikohozi, akataka tumwagizie antibiotiki. Mfamasia akapiga simu, akaomba karatasi ya daktari, na tulipomwambia hatuna akasema basi hawezi kuitoa. Kaka alinung'unika. Mimi nilifurahi. Antibiotiki zinazouzwa kama peremende ndizo zinazotufikisha mahali ambapo mtoto ana nimonia ya kweli na dawa haimsaidii.

Walianza mwaka 2017, wakiwa duka la dawa la mtandaoni lenye leseni ya Bodi ya Famasia na Sumu. Mwaka huo huo serikali ya Kenya ilizindua vifaa vya kujipima VVU, na wao wakawa miongoni mwa wauzaji. Fikiria kijana anayeona haya kuulizia kifaa hicho mbele ya foleni ya majirani, maana yake nini kwake kukiagiza kwa simu na kukipokea kikiwa kimefungwa. Baadaye ukaja mradi wa majaribio wa PrEP, dawa za kujikinga na VVU: wakazi wa Nairobi na Mombasa waliweza kuziagiza mtandaoni, wakazungumza na daktari kwa simu na kujipima wenyewe. Mwaka 2023 kampuni ya uwekezaji ya Alta Semper iliweka dola milioni 20, na mwaka huo huo MYDAWA ikanunua maduka ya dawa ya Guardian Health nchini Uganda. Siku hizi si duka la dawa tu, unaweza kuzungumza na daktari pia.

Huyo daktari tumemtumia. Miguu ya mama ilikuwa imevimba kwenye vifundo, naye alishaamua kimoyomoyo kuacha dawa ya presha. Tukapiga simu ya video. Daktari alimwita Mama, akamsalimia kwa Kiswahili bila haraka, akamwomba abonyeze juu ya kifundo kwa kidole gumba, ahesabu mpaka tano, kisha aachie tuone kama shimo linabaki. Lilibaki. Akamwomba atenganishe vidole vya mguu karibu na kamera, maana mwenye sukari anaweza kuwa na kidonda asikisikie. Halafu akauliza jina la dawa. Ni amlodipine, na amlodipine inajulikana kwa kuvimbisha miguu. Lakini hakuishia hapo. Alisema moyo au figo pia huvimbisha, na hayo hayaonekani kwenye simu, kwa hiyo asiache dawa bali aende akapimwe damu na mkojo, na kusikilizwa moyo. Tulikwenda. Figo ziko sawa, dawa ikabadilishwa, na uvimbe umepungua. Daktari anayejua simu inaishia wapi ndiye ninayemtaka.

Kuhusu huku kupanuka nina furaha na nina wasiwasi. Jirani zetu Rwanda walikuwa na Babyl, huduma ya kuzungumza na daktari au nesi kwa simu, tawi la kampuni ya Babylon ya London. Watu zaidi ya milioni mbili walijiandikisha, wengi wakipiga *811# kwa simu za kawaida kabisa, na huduma iliunganishwa na Mutuelle, bima ya afya ya jamii ya huko. Mwaka 2021 Babylon iliingia soko la hisa la New York ikithaminiwa kwa zaidi ya dola bilioni nne. Mwaka 2023 ilianguka, na huduma ya Rwanda ikafungwa. Nesi wa Kigali hakuacha kufanya kazi nzuri, wala mgonjwa hakuacha kuihitaji huduma. Fedha ziliishia mbali na wote wawili. Kwa hiyo mimi majina ya dawa za mama, vipimo na tarehe naviandika kwenye daftari, na daftari liko kabatini. Nakushauri ufanye hivyo, hata kama programu yako inatunza kila kitu.

Ombi langu kwao, na kwa wafamasia wote wa Kenya: maelezo ya kutumia dawa yaandikwe pia kwa Kiswahili. Mama zetu wengi wanajua kusoma, ila lebo ya "1 x 2" haimwambii mtu kama ni kimoja mara mbili au viwili mara moja.

Ninampendekezea nani? Mwenye dawa za kila mwezi, anayemtunza mzazi, na yeyote anayehitaji faragha. Lakini kifua kikibana, mdomo ukipinda au mkono ukilegea ghafla, usifungue programu yoyote. Tafuta gari, nenda hospitali.